Dereva Aliyeacha Ndoo Nje

Mwaka 2011, nikiwa na miaka arobaini na mitatu, mvua ilikosa Kibwezi kwa msimu wa pili mfululizo. Mume wangu akaenda Mombasa kutafuta kazi na hakurudi. Nikabaki na watoto watatu na mbuzi wanne. Mbuzi wakafa. Hapo ndipo shida yangu ilipoanza, na sitaki mtu aniongezee wala anipunguzie. Shule niliishia darasa la tatu. Ajenti wa Nairobi aliandika kwenye karatasi kwamba nina miaka thelathini na minane, akaniambia Saudia ni jangwa, joto mwaka mzima, nguo nzito za nini. Pale uwanja wa ndege nikavua sweta langu la pekee nikamwachia dada yangu. Huo ulikuwa ujinga wangu wa kwanza wa Riyadh, na niliufanya kabla sijafika.

Nimeanza na mimi kwa sababu sijui kuanza kwingine. Lakini mtu ninayetaka kumweka hapa ni Dereva. Jina alikuwa nalo, liliandikwa kwenye ikama yake, kile kibali cha kukaa, ila katika nyumba ile hakuna aliyelitumia, hata mimi. Alinitangulia pale kwa miaka mitatu. Alikuwa Mkikuyu wa Kinangop, mkulima wa viazi, mrefu, masikio makubwa, na mkono wa kushoto daima mfukoni. Kuendesha gari alijifunza utu uzima, ili apate visa. Ukoo wake na siku aliyozaliwa, hayo waulizeni watu wake.

Nyumba ilikuwa ya bosi na madam na watoto wao watano. Lakini mwenye nyumba hasa alikuwa mama yake bosi, mwanamke mnene mwenye kifua kibovu, ambaye sisi tulimwita Bibi. Bibi akisema leo hakupikwi wali, hakupikwi wali. Alizaliwa kwenye hema, alikuwa akisema, na hakuna kitu alichokipenda kama kashta, yaani kwenda kupiga hema jangwani wakati wa baridi, kuwasha kuni, kunywa kahawa na kukaa tu, kutazama mbali. Mwanawe alimjengea nyumba ya marumaru, na yeye aliikalia kama mtu anayesubiri gari.

Baridi ilinikuta mwezi wangu wa pili. Nilikuwa naosha ua asubuhi na mapema, karai baada ya karai, kama nilivyofanya kila siku. Niliporudi na fagio ua ulikuwa unang'aa kama kioo. Nikajisifu kwamba leo sakafu imetakata. Nikaweka mguu, nikaenda chini mzima mzima. Dereva alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba chake kando ya geti, ananitazama. Hakuja kuniinua. Aliniuliza kwa upole kama kwetu barafu huoshwa kwa maji. Nikamwambia mimi barafu naijua ya ndani ya friji.

"Nyinyi Wakamba mnajua jua tu," akasema. "Mwaga chumvi hapo, kabla Bibi hajatoka akavunjika kiuno, wewe ukarudishwa kwenu na ndege ya leo."

Nilimwaga chumvi yote ya madam. Jioni Dereva aliniletea sweta la kiume, la kijani, limetoboka kiwiko. Sikumwambia asante. Siku hizo sikuwa na asante ya kumpa mtu.

Kile chumba chake kilikuwa na kitanda, jiko la gesi na msumari wa koti. Nje ya mlango alikuwa na ndoo ya rangi iliyojaa udongo, na ndani ya udongo, viazi. Alichukua viazi vyetu vya jikoni vilivyoanza kuota macho, akavikata, akavipanda. Nilidhani amerukwa na akili, mtu kusafiri mpaka Uarabuni akapande viazi kwenye ndoo. Baadaye nikaelewa. Kwao Kinangop kuna sakitu, ile baridi inayochoma majani ya viazi hadi asubuhi yanaonekana kama yamepitiwa na moto. Yeye alikuwa ameishi miaka yote akiikimbia. Jua likielekea kuzama alitoka, akainua pua, akagusa boneti ya gari kwa vidole viwili, akatazama moshi wa mkate wa jirani unakoelekea. Halafu ama aliiacha ndoo nje, ama aliibeba akaiingiza chumbani kwake. Ndoo ikiingia, mimi nilijua kesho ni soksi mbili. Hakukosea hata mara moja. Na Bibi naye, kumbe, alikuwa akiiangalia ile ndoo kutoka dirisha lake la juu.

Sasa hapa nisikilizeni vizuri. Dereva alikuwa mwongo. Simsingizii, yeye mwenyewe alijua. Alimwambia madam barabara imefungwa na polisi, na huku amekaa kwa Myemeni anakunywa chai. Kila Ijumaa alimwambia mke wake kwa simu kwamba leo amekula mbuzi mpaka amechoka, nami namwona anachovya mkate kwenye chai ya rangi. Watoto wa bosi waliambiwa kwamba kwao aliendesha treni. Mwenye bakala, yaani duka, ya pale kona, mtu mwenye maneno mengi, aliaminishwa miaka mitano kwamba Dereva ni kiziwi wa sikio la kulia, kwa hiyo Dereva alisimama upande huo kila mara akanunua vitu vyake kwa amani.

Mimi sisemi uongo. Ndiyo maana marafiki wangu ni wachache. Nilimwuliza siku moja analalaje na uongo wote ule kichwani. Akasema uongo wake hauna mizigo, hauumizi mtu, ni wa kupitishia siku tu, na kwamba mimi na ukweli wangu nimewaumiza watu wangapi. Nikaondoka, kwa sababu kulikuwa na mmoja nilikuwa nimemuumiza, na yeye hakumjua bado.

Lakini kwa habari za hewa Dereva hakudanganya. Hapo alikuwa mtu mwingine kabisa. Ukimwuliza kama kutanyesha, aliacha alichokuwa akifanya, akafikiri, na kama hajui alisema hajui. Sababu aliniambia mara moja tu, akiwa anafuta vioo vya gari, amenipa mgongo. Kule kwao jirani yake alimjia na kumwuliza kama sakitu inakuja, avune viazi mapema au aache. Dereva alijua inakuja. Lakini vibarua walikuwa wachache, na yeye alitaka wavune kwake kwanza. Akamwambia jirani, lala, hakuna kitu. Jirani akalala. Mwaka ule jirani aliuza shamba akahama na watoto, na Dereva kila asubuhi alifungua mlango akaona ile nyumba haina moshi. Alimaliza kioo cha nyuma, akaniambia nirudi jikoni, madam ananiita. Madam alikuwa hata hayupo nyumbani.

Bibi aligundua kipaji chake kabla yangu. Mwaka mmoja, kabla sijafika, familia ilikuwa imefunga mizigo ya kashta. Televisheni ilisema hali ni nzuri. Dereva akabeba ndoo akaiingiza ndani mchana mweupe, Bibi akaona, akamwita akamwuliza kwa nini. Akasema baridi inashuka, na upepo. Bosi akacheka. Bibi akakataa kwenda. Waliokwenda, ndugu zao wa upande wa pili, hema lao liling'olewa na upepo wakarudi wanatetemeka, na mtoto mmoja akaugua mapafu. Baada ya hapo Bibi alimpa Dereva farwa, lile joho refu la Waarabu lenye manyoya ya kondoo kwa ndani, nzuri, nyeusi, yenye nakshi kifuani. Dereva hakuivaa hata siku moja. Aliifunika kwa nailoni akaitundika kwenye ule msumari, halafu akapigwa na baridi ndani ya shati. Nilimwuliza anaitunzia nani. Akasema ni ya siku ya baridi. Nikamwambia leo maji yameganda kwenye bomba. Akasema leo si baridi sana.

Na kutoka hapo ikawa kanuni. Shule hufunga wiki nzima katikati ya mwaka wa masomo, mwishoni mwa Januari, katika kipindi ambacho Bibi alikiita Shabat, siku za baridi inayoingia mifupani. Likizo ikiwa na baridi, familia inakwenda Jeddah, ambako baridi haijui njia. Ikiwa na joto joto, wanakwenda kashta. Anayeamua ni kifua cha Bibi. Na anayekisemea kifua cha Bibi ni Dereva.

Alijivunia jambo hilo, msidhani hakujivuna. Wiki mbili kabla ya likizo aliitwa sebuleni. Dereva wa viazi alisimama kwenye zulia, bosi amekaa, watoto wamenyamaza, Bibi anauliza na yeye anajibu kwa Kiarabu chake cha barabarani. Aliporudi kwenye geti alitembea kama chifu aliyetoka kuamua kesi ya mpaka. Madereva wa nyumba nyingine walikuwa wakimngoja. Alikuwa akiwaambia, kila mmoja kwa zamu, na wao wanapiga simu kwa madam zao.

Yule niliyemuumiza alikuwa binti yangu wa kwanza, Mwende. Nilimwacha nyumbani awaangalie wadogo zake. Januari 2014 alinipigia simu akiwa uwanja wa ndege, tayari ana visa ya kazi ya nyumbani, anaelekea Jeddah. Hakuwa ameniambia. Nikamwambia akipanda hiyo ndege asiniite mama tena. Akapanda. Na kweli, hakuniita. Miaka miwili hakupokea simu yangu. Habari zake nilizipata kwa dada yangu: yuko mtaa wa Al-Baghdadiyah, nyumba ya ghorofa, mabosi si wabaya, amekonda. Halafu dada yangu akaniambia kwamba mkataba wake unaisha, na anarudi Kenya kabisa mwishoni mwa Januari, ndege ya Ijumaa ya ile wiki ya likizo. Akifika hatalala kwangu. Anakwenda kwa watu wa baba yake huko Taita, na amesema mguu wake hautakanyaga nyumba ya mama yake.

Mimi nilikuwa na mkataba mwingine mbele yangu. Nilijijua, na mtoto nilimjua, kwa sababu nilimfinyanga mwenyewe. Neno kama hilo likipanda ndege likafika nyumbani, linakauka kama simenti. Nilitaka nimwone uso kwa uso kabla hajaondoka, hata nusu saa. Na ulikuwa msimu wangu wa tano Riyadh, na kwa mara ya kwanza nilikuwa na sababu ya kuombea baridi.

Mwanzoni mwa msimu ule televisheni ilikuwa imetoa utabiri wa majira yote. Mtu wa suti alisimama mbele ya ramani ya nchi zote za upande ule, kutoka Shamu mpaka Yemen, ramani nzima ya buluu, akapitisha mkono kuonyesha upepo unavyoshuka kutoka kaskazini. Bosi alitufasiria kwa ufupi: baridi kuliko miaka yote ya karibuni, mpaka mwezi wa pili, bila kupumzika. Na Desemba ilikuwa hivyo kweli. Ndoo iliingia ndani karibu kila jioni. Midomo yangu ilipasuka. Mimi moyoni nashukuru, nasema endelea tu, tutaenda Jeddah.

Nilimkuta anaosha gari nikamwuliza, kama mtu asiye na haja, Jeddah tunaondoka siku gani.

"Hatuendi," akasema. "Wiki ile itakuwa na joto. Kama Machi."

"Televisheni imesema baridi."

"Televisheni haina viazi."

Nikasimama pale na ndoo ya taka mkononi. Tangu mbuzi wafe sikuwa nimemwomba mtu kitu. Nikamweleza habari ya Mwende yote, hata lile neno nililolisema kwenye simu, sikujipunguzia. Akasikiliza, anakamua kitambaa, anakamua tena kitambaa ambacho hakina maji.

"Mwambie Bibi kutakuwa na baridi," nikasema.

"Hilo usiniombe."

"Unadanganya kila siku kwa mambo ya bure."

"Ndiyo," akasema. "Kwa mambo ya bure."

Sikuongea naye siku nne. Chai yake niliipeleka imepoa. Siku ya tano asubuhi Bibi alimwita sebuleni. Nilikuwa namimina kahawa. Dereva akasimama kwenye zulia, mkono wake mfukoni. Bibi akamwuliza habari ya wiki ya likizo, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka jibu fulani. Alisema mvua za mwaka ule zimekuwa nzuri, amesikia jangwa limeota majani, amesikia na maua. Akasema yeye ni mzee, maua ya namna hiyo hayaji kila mwaka.

Dereva alitazama zulia mpaka bosi akainua macho kutoka kwenye simu. Halafu akautoa ule mkono mfukoni. Miaka mitano nilidhani una kasoro. Ulikuwa mkono wa kawaida, vidole vitano.

"Baridi, mama," akasema. "Baridi wajid." Yaani baridi nyingi.

Bibi akamwuliza kama ana hakika. Akasema ana hakika. Bibi akashusha pumzi, akasema halas, basi, Jeddah. Mimi nilimwaga kahawa kwenye sahani na hakuna aliyenigombeza.

Jioni ya kabla ya safari nilitoka na takataka nikaiona ndoo. Iko nje. Wiki nzima hakuna mtu atakayekuwepo kuiingiza, na mwenyewe amesema baridi wajid, na ndoo iko nje mlangoni, viazi vimenyoosha majani. Nikamtazama. Akapanga masanduku kwenye gari kana kwamba sipo.

Tulisafiri siku nzima, bosi mbele na Dereva, sisi wengine nyuma. Jeddah ilitupokea na jasho lake. Siku ya pili tu simu ya Bibi ikaanza kulia. Ndugu wa bosi, ambao hawakumwuliza mtu, walikuwa wamepiga hema nje ya Riyadh, na wanatuma picha: zulia la majani ya kijani mpaka mwisho wa macho, maua madogo ya zambarau, wazee wamevaa kanzu nyepesi, watoto pekupeku. Bibi alizitazama moja moja. Akanipa simu na mimi nione. "Shufi," akaniambia, tazama. Nikatazama. Sijawahi kushika kitu kizito kama simu ile.

Siku ya tatu alasiri Dereva alimwambia madam kwamba anakwenda soko la samaki na kwamba ananitaka mimi nikamchagulie, kwa sababu nimelelewa kando ya ziwa. Mkamba wa Kibwezi. Madam akasema nendeni. Garini nikamwuliza ziwa gani. Akasema lolote nitakalopenda.

Hatukwenda sokoni. Siku zile mbili alikuwa amekwenda mtaa wa Bani Malik, kwenye nyumba ya kupanga wanakolala Wakenya wengi, akauliza mpaka akampata mlinzi wa lile jengo la Al-Baghdadiyah. Mlinzi akampelekea Mwende habari kwamba kuna mtu kutoka Kibwezi ana mzigo wake, ashuke saa kumi akienda dukani. Dereva akasimamisha gari mbele ya duka la simu, akaniambia yeye anakwenda kuangalia tairi.

Mwende alikuja na mfuko wa mikate. Aliponiona alisimama. Hakukimbia, hakusogea. Tulikaa kwenye ngazi ya duka lililofungwa, kati yetu mfuko wa mikate. Watu wanapita. Nusu ya muda wangu iliisha hivyo. Yeye ndiye aliyeanza, anaangalia barabara, kwa sauti ya kumwuliza mgeni.

"Riyadh kuna baridi?"

"Hakuna. Ni joto kama Machi."

"Televisheni ilisema kuna."

"Televisheni imekosea. Na dereva wetu amedanganya."

"Sasa nyinyi mmefuata nini huku?"

"Mimi nimekufuata wewe."

Akanigeukia. Nikamweleza habari ya ndoo, na Bibi, na lile ziwa langu. Nilipofika kwenye ziwa alijaribu kujizuia, akashindwa, akacheka mpaka akashika mkono wangu asianguke. Msamaha sikumwomba. Sijui unaombwaje, sikufundishwa, darasa la tatu hawakufika hapo. Nilimwambia ufunguo wa nyumba uko kwa mama yake mdogo, kitanda changu ndicho chenye godoro zuri, alale pale.

"Na wewe ukija utalala wapi, mama?"

Nikamwambia tutaona.

Dereva aliangalia tairi lile moja kwa nusu saa. Samaki tulisahau kabisa. Madam aliambiwa samaki wote wamenunuliwa na hoteli, tukala kuku.

Tuliporudi Riyadh jua lilikuwa bado limekaa vizuri, watu barabarani na mikono mifupi. Bibi alishuka garini akishikwa na mjukuu. Akapita kwenye geti, akasimama mbele ya ndoo. Viazi vilikuwa vimetoa maua, meupe, madogo. Akavitazama. Akamtazama Dereva. Yule mama hakusoma hata darasa moja, mimi nilimpita kwa matatu, lakini alijua mtu anayeogopa baridi haachi viazi vyake nje wiki nzima.

Akamwuliza kwa nini.

"Nilikosea, mama," Dereva akasema.

Bibi alingoja kidogo, labda kwa jibu lingine. Halafu akasema, bila hasira, "Na wewe umekuwa kama televisheni." Akaingia ndani.

Hakumwambia mwanawe. Angemwambia, Dereva angepandishwa ndege wiki ile ile. Lakini hakumwita sebuleni tena. Mimi nilikwenda kwenye chumba cha geti siku hiyo hiyo kumwambia ile asante niliyokuwa nimemnyima tangu siku ya sweta. Akaniuliza asante ya nini, yeye amekosea tu, hewa ya huku si ya kwetu. Kesho yake alimwaga ndoo. Viazi kumi na kimoja, kama mayai ya njiwa. Tukavichemsha tukala kwa chumvi, na hakupanda tena. Madereva wa jirani walikuja mara mbili tatu kumwuliza habari za hewa, akawaambia waangalie kwenye simu zao. Mwezi wa sita mkataba wake ukaisha, akaenda.

Mimi nilibaki hadi 2018. Kwa hiyo mimi ndiye niliyeona baridi iliyofuata, na Bibi kifua kimemlaza. Mimi ndiye niliyekuwa namgeuza kitandani. Kitanda kiliwekwa karibu na dirisha, na siku nyingine aliangalia chini getini akaniuliza ndoo iko wapi. Alifariki mwezi wa tatu. Hema hakuliona tena.

Mwaka jana nilipanda kwenda Kinangop. Nilibeba gunia dogo la ndengu, kwa sababu huko hawana. Nilimkuta shambani, mgongo umepinda, masikio yako pale pale, mkono mfukoni. Mke wake aliniambia kijiji kizima huja kumwuliza kabla ya kuvuna, na kwamba asipojua anasema hajui. Tukakaa jikoni, moto unawaka. Aliniuliza Mwende yuko wapi. Nikamwambia yuko nyumbani kwangu, ana duka la mbegu na watoto wawili, godoro lile lile amekataa kurudisha. Akafurahi. Nikamwambia, wewe siku ile uliiacha ndoo nje.

"Nilisahau."

"Wewe hujawahi kusahau ndoo."

Akachochea moto. Akakaa. Ndipo akaniuliza, hanitazami, kitu ambacho naona alikuwa amekiweka miaka yote hiyo.

"Yule Bibi. Alipata kwenda jangwani tena?"

Nimesema mimi sisemi uongo, na nimeumiza watu kwa hilo. Nilitazama mikono yangu.

"Alikwenda," nikasema. "Mwaka uliofuata, wewe ukishaondoka. Wiki nzima."

"Kulikuwa na joto?"

"Kama Machi."

"Na majani?"

"Majani na maua. Ya zambarau. Alikaa nje mpaka tukamkatalia."

Alinitazama kwa muda. Yule ni mtu anayeujua uongo kwa harufu, kama anavyoijua sakitu. Halafu akainuka, akaenda chumba cha ndani, akarudi na ile farwa ndani ya nailoni yake. Akaniwekea mapajani.

"Chukua," akasema. "Mwaka huu Kibwezi kutakuwa na baridi."

Nikaichukua.

Leo nina shamba la ekari mbili lenye hati kwa jina langu. Nina nyumba ya mawe ya vyumba vitatu, mabati ya kijani. Nina tangi la maji la lita elfu tano, mashine ya kusaga, mbuzi kumi na sita na ng'ombe mmoja anayekamuliwa. Nina sweta la kijani lililotoboka kiwiko. Nina farwa moja nyeusi, manyoya mazima, imetundikwa nyuma ya mlango. Baridi haijafika bado.